Divai Niliyoitema

Mdogo wangu alimkata jirani yetu vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa panga la kufyekea, asubuhi kweupe, juu ya tuta linalotenganisha majaruba yetu na yake pale Mchombe. Cha nne kilibaki kinaning'inia kwa ngozi, kikaondolewa hospitalini Ifakara siku hiyo hiyo. Kilichosalia ni kidole gumba peke yake. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari yangu na divai huwa wanacheka kabla sijafika mbali, wanadhani nitawasimulia mambo ya ulevi.

Ugomvi ulikuwa wa tuta. Kila msimu yule mzee alikuwa akilila tuta letu hatua moja, kwa jembe, kidogo kidogo, na kila msimu mama alimfuata kumwomba aache, naye akamjibu kwamba mjane hana mpaka. Mwaka ule mdogo wangu alimkuta amelikata kabisa. Maji yote ya jaruba letu yalikuwa yanashuka kwake, na mpunga wetu ndio kwanza ulikuwa unabeba mimba. Mdogo wangu anasema mzee ndiye aliyenyanyua jembe kwanza. Mzee alisema alikuwa ameinama, akageuka na kuinua mkono ajikinge. Mimi sikuwepo. Niliamini maneno ya kwetu kwa kuwa ni ya kwetu, na mpaka leo sijamuuliza mdogo wangu mara ya pili.

Alikaa mahabusu wiki kadhaa. Kisha mzee mwenyewe akasema hataki mahakama, anataka mambo yaishe nyumbani mbele ya wazee. Wanawe watatu hawakutaka hivyo. Yule mkubwa, dereva wa trekta dogo la pawatila, alisimama mbele ya mashine ya kukoboa, watu wamejaa na magunia yao, akasema mkono wa baba yake utalipwa kwa mkono. Hakupaza sauti, na hicho ndicho kilichotutisha. Alionyesha hata mahali atakapokata, akapitisha ukucha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Siku tatu baadaye tuliamka tukakuta mbuzi wetu wawili wamekatwa mguu wa mbele wa kulia, kila mmoja, wameachwa zizini wakiwa hai. Mama aliwachinja mwenyewe huku anatukana.

Lieleweke jambo moja: mama alikuwa anakula kwa mkono wa mdogo wangu. Mgongo wake umepinda, hawezi tena kuinama kupandikiza, na shamba lote lililimwa na kijana huyo mmoja. Mimi nilikuwa nimeondoka nyumbani tangu usichana. Mkono ule ukikatwa, mama alikuwa anakwenda kuomba chakula kwa watu, na akienda kuomba angepita mbele ya mlango wa yule yule aliyemwambia hana mpaka.

Na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani miezi miwili tu kabla ya hapo, nimerudi kwa sababu ya kipigo nilichokitoa. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mhudumu wa vinywaji kwenye hoteli ya watalii huko kaskazini. Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye mvi, aliingiza mkono chini ya sketi yangu nilipoinama kummiminia. Nilimpiga kwa sinia usoni. Akashangaa, nikampiga tena. Jino lake moja lilidondoka kwenye supu ya mkewe. Sikujuta wala sijajuta, ila kazi yangu iliishia palepale.

Hasira hii ni ya baba. Mdogo wangu aligawiwa mkononi, mimi niligawiwa mwili mzima.

Huko hotelini aliyenifundisha divai alikuwa msimamizi wa stoo, mama mmoja wa Dodoma aliyekulia kwenye mashamba ya zabibu. Alifundisha kwa vibao. Ukishika glasi tumboni, kibao cha mkono. "Shika mguu. Tumbo lina jasho lako." Siku ya kwanza aliponipa nionje nyekundu nilikunja uso nikasema ni chungu. Akanizaba. "Mwarobaini ndio mchungu. Huu unaitwa ukakasi. Hujawahi kula ndizi mbichi wewe?" Nikaonja tena, na kweli, ulikuwa ule ule ukakasi wa ndizi mbichi, ule unaoukamata ulimi na kuukausha, halafu taratibu unauachia. Tangu siku hiyo nikaanza kuelewa. Aliniambia majina ya matunda ya Wazungu niwaachie Wazungu wenyewe, mimi nitaje nilivyokula kwetu. Basi nikawa nasema zambarau, nasema ukwaju, nasema udongo wa jaruba mvua inapougusa mara ya kwanza, nasema moshi wa vichanja vya kambale pale Kivukoni, tulipokuwa tunapelekwa na mama tukiwa wadogo kununua samaki. Wageni walinipenda kwa hayo. Wengine waliniita kwenye meza zao ili waisikie tu divai yao ikisimuliwa.

Lakini sheria yake kuu ilikuwa kutema. Siku ya kuonja tulifungua chupa ishirini, thelathini, na kila mmoja alikuwa na ndoo yake ya bati miguuni. Unazungusha, unanusa, unavuta kidogo, unaisukutua mpaka kwenye magego, unatema. Nilimeza mara mbili tu katika maisha yangu ya stoo, na mara zote mbili alinipiga mgongoni mpaka nikakohoa. "Mhudumu anayemeza ni mlevi mwenye mshahara," alikuwa anasema. Mdomo wangu ukajifunza. Ilifika mahali nikawa natema bila kuwaza, kama mtu anavyopepesa macho.

Kwetu bondeni neno ni hilo hilo, kuonja, lakini jambo ni jingine. Anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu, na anameza. Tunaita kutoa sumu. Ukimeza, umewaambia wote kwamba kama kuna kitu humo basi kianze na wewe. Nilijua hili kabla sijajua kusoma, kwa sababu mama alikuwa anapika ugimbi, pombe yetu ya kienyeji, na kila jioni alimpelekea baba kibuyu, anapiga magoti, anakunywa funda la kwanza, anameza, anampa. Baba anakunywa mpaka kibuyu kinakauka, kisha anampiga. Alimpiga kwa mkanda, kwa mwiko, mara moja kwa kiti. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama ilikuwaje hakuwahi kumtilia kitu mle ndani. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Ningeanza mimi," akasema, "na nyie mlikuwa wadogo."

Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyekwenda na kurudi kati ya nyumba mbili hizo kwa muda mrefu, mpaka ikapatikana siku. Watu wa nyumba yetu wangekwenda na kinywaji kwa yule mzee, wangetoa sumu, mzee angekunywa, wanawe wangekunywa baada yake, na anayekunywa nawe hawezi tena kukukata. Asiyenywa yuko huru kufanya atakalo. Kila mtu pale kijijini alijua maana yake: kama glasi itawafikia wale vijana na wakainywa, mkono wa mdogo wangu umepona.

Kikwazo kilikuwa pombe yenyewe. Mzee alikuwa ameacha kunywa tangu achaguliwe kiongozi wa jumuiya ya kanisa. Akatuma neno kwamba ugimbi hatagusa, lakini divai si pombe, divai iko altareni, na kwamba anasikia binti wa nyumba ile anaijua. Mwenyekiti aliponiletea neno hilo nilijisikia vizuri mno. Miezi yote hiyo nilikuwa nimekaa pale nikiitwa aliyefukuzwa, na sasa ujuzi wangu ulikuwa umeitwa kwa jina.

Na chupa nilikuwa nayo. Siku ninafungasha, mama wa stoo aliniingizia kwenye begi, kati ya khanga, bila kusema chochote ila "usiinywe na mjinga." Ilikuwa nyekundu ya daraja la juu, mchanganyiko wa zabibu za aina tatu: moja ya kuipa nguvu, moja ya kuilainisha, ya tatu ya kuikoleza rangi na kuiachia pilipili manga kwa mbali. Ilikuwa imelala miaka miwili kwenye pipa la mwaloni, kisha miaka mingine ndani ya chupa. Hotelini tulikuwa tunaitoa kwa wageni wa aina fulani tu, na tukiwapelekea tulitembea polepole.

Nikaiandaa kama wanavyoandaa bibi harusi. Joto la Mchombe linaifanya divai kuwa uji, basi tangu asubuhi niliizika kwenye mtungi wa maji, juu nikafunika gunia bichi. Nilikuwa na glasi moja ya hotelini, nimeifunga kwenye kitenge. Nikaiosha, nikaifuta mpaka ikalia. Saa moja kabla ya kwenda niliivuta kizibo ili ipumue. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda ananitazama. Hakuwa amelala siku nyingi. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuweka kwapani, alikuwa na tabia hiyo siku hizo, hata akila alikula haraka na kuurudisha.

"Dada," akasema, "wakikataa nakimbilia Masagati. Nimeshaongea na mtu."

"Na mama?"

Akaubana mkono zaidi kwapani. Nikamwambia hawatakataa, kwamba hakuna mtu aliyewahi kukataa divai hii, nami nilisema kwa majivuno, nikiwa naifuta chupa.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa, jua bado kali. Uani kwa mzee kulikuwa na mkeka, viti vya plastiki vitano, kinu kikubwa pembeni na mchi wake umeegemezwa. Mapanga yote yaliachwa kwa mwenyekiti, kwenye pikipiki yake, ndilo lilikuwa sharti. Vijana watatu walisimama nyuma ya kiti cha baba yao. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, na mkono wake wa kulia ulikuwa magotini, umefungwa kitambaa safi, umebaki kama rungu lenye dole gumba. Niliutazama, nikatazama pembeni.

"Shikamoo baba," nikasema, na mdogo wangu akapiga magoti nyuma yangu akasema hivyo hivyo.

"Marahaba." Alitujibu wote wawili kwa mkupuo mmoja. "Karibuni. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii, baba."

Mwenyekiti akasema maneno yake, marefu, akayamaliza kwa kusema, "Mwenye kuleta atoe sumu."

Nikamimina. Ile sauti ya divai kuingia kwenye glasi ilisikika vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, kwa sababu ningechukua tu nikanywa yakaisha. Lakini watu walikuwa wananitazama na mimi nilikuwa na glasi mkononi. Nikaishika mguu. Nikainyanyua juani, rangi ikawa ya zambarau lililoiva mpaka linataka kupasuka, pembeni ikikaribia kutu. Nikaizungusha, ikapanda kwenye kioo na kuteremka polepole kwa michirizi. Nikaingiza pua.

Nilikuwa sijainusa miezi mingi, na ilinipiga. Zambarau kwanza, halafu ukwaju, halafu moshi, ule wa Kivukoni kabisa, nikamwona mama akiwa kijana amebeba kambale kichwani. "Ina zambarau," nikasema kwa sauti, kama vile niko mezani kwa wageni. "Ina ukwaju, ina moshi wa samaki." Chini ya hayo kulikuwa na chuma, harufu ya panga lililotoka kunolewa. Hiyo sikuisema.

Nikaivuta mdomoni. Ilikuwa nzito na laini, ikaujaza ulimi wote, ukakasi ukaja baadaye taratibu ukashika ufizi. Nikaisukutua upande huu, upande huu. Ilikuwa divai bora kuliko zote nilizowahi kuweka mdomoni, nalisema hilo hata leo.

Nikaitema.

Ilitoka kwa mkondo mmoja, safi, kama mama wa stoo alivyonifundisha, ikatua kwenye vumbi mbele ya kandambili za mzee. Matone mawili yaliruka yakaingia kwenye pindo la suruali yake.

Nimeeleza mara nyingi kwamba nilitema kwa mazoea, na ni kweli. Lakini kuna jambo jingine ambalo nalo ni kweli. Nilipokuwa nayo mdomoni jicho langu liliuangukia tena ule mkono, nikakumbuka alivyomwambia mama kuhusu mjane na mpaka, na nikaona uchungu kinywaji kizuri kiasi kile kwenda kupita kwenye koo lile. Ilikuwa muda mfupi sana. Sijui kipi kilitangulia, mdomo au moyo.

"Ametema," akasema kijana mkubwa. "Mmeona wenyewe. Ametema."

"Ni mazoea ya kazi," nikasema. "Subirini, nakunywa sasa hivi." Sauti yangu ilimezwa. Wanawake waliokuwa jikoni walitoka wanapiga yowe kwamba baba kaletewa sumu, mwenyekiti alikuwa amenyanyua mikono yote miwili, mtu alikuwa ananivuta khanga. Kwa watu wale hakukuwa na namna mbili za kulielewa jambo lile. Mleta kinywaji ameonja, amekitambua kilichomo, amekitoa mdomoni. Na amekitemea miguuni kwa mwenye nyumba.

Kijana mkubwa aliuchukua mchi. Hakunitazama mimi, alimwendea mdogo wangu aliyekuwa bado amepiga magoti, na alilenga mkono, niliona wazi kwamba amelenga mkono. Watu wananisifu kwamba nilijitupa kati kumkinga mdogo wangu. Si hivyo. Nilimrukia yule kijana kwa sababu nilitaka kumuua. Nilimkwaruza shingoni, nilikuwa namtafuta macho, nilikuwa naongea maneno ambayo sitayaandika. Mchi ulikuwa tayari uko njiani. Ulinipata kati ya nyusi na pua.

Nilisikia kitu kikivunjika ndani ya kichwa, kwa karibu, kama mfupa wa kuku unapotafunwa. Nikaanguka juu ya mkeka. Damu ilishuka puani na kooni, nikawa naimeza na kuikohoa, na bado nilikuwa natambaa kumtafuta mguu nimng'ate. Mmoja wa ndugu zake alinikanyaga mkono. Mwingine alimpiga mwenyekiti ngumi ya kifua, akakaa chini. Viti vilikuwa vinaruka.

Kisha nikaona mdogo wangu anafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Alikwenda kwa magoti mpaka kwenye kinu, akautoa mkono wake wa kulia kwapani, akauweka juu ya mdomo wa kinu, kiganja chini.

"Muache dada," akasema. "Huu hapa. Piga."

Kijana aliinua mchi. Nakumbuka jasho lake, na damu kwenye mchi ambayo ilikuwa yangu. Hakuna aliyemshika.

"Weka chini," akasema mzee.

Hakuondoka kwenye kiti. Chupa ilikuwa bado imesimama, na glasi niliyokuwa nimeonjea ilikuwa imeangukia mkeka bila kuvunjika, sijui kwa namna gani. Mzee aliinama akaichukua kwa mkono wa kushoto. Akaibana chupa kati ya kwapa na ule mkono wa kitambaa, akajimiminia, nyingi ikamwagikia shati jeupe. Wanawake walikuwa wanamlilia asinywe. "Kwetu damu imetoka," akasema, "na kwao imetoka, tena ya mwanamke, uani kwangu. Kama humu kuna sumu mtaiona, halafu mpige." Akanywa mpaka chini. Hakunusa, hakuzungusha. Akafuta mdomo kwa bega, akampa mwanawe mkubwa glasi tupu na chupa.

Tulisubiri. Nilikuwa nimelala nimeshika uso, nikasubiri pamoja nao. Mzee alikaa tu, anatazama ule unyevu mwekundu kwenye vumbi, mpaka kijana akaona aibu kuendelea kumchungulia baba yake kama maiti. Akamimina, akanywa. Nduguze wakanywa. Mdogo wangu alipewa wa mwisho, na alikunywa machicha yote yaliyokuwa chini, bila kuuondoa mkono kwenye kinu.

Hospitalini Ifakara walininyoosha pua, ikarudi na kona ambayo haikuwepo. Uvimbe ulipoisha, siku moja nilikuwa jikoni nakoroga maharage, mama akaingia mbio akaipua sufuria akanitukana. Yalikuwa yameungua mpaka moshi umejaa, na mimi nilikuwa nimesimama hapohapo juu yake. Nikachukua kitunguu nikanusa. Nikachukua mafuta ya taa. Nikaenda uani nikainama juu ya samaki waliooza ambao mbwa alikuwa anawavuta. Mama alinifuata nyuma, ananitazama, akaelewa kabla sijasema.

Baadaye nilinunua divai ya bei ndogo, nikaizungusha, nikaingiza pua yangu mbovu. Hakuna zambarau, hakuna Kivukoni. Ulimi ulinipa uchachu na ukakasi, basi, ndizi mbichi. Niliivunja ile glasi ya hotelini ukutani, kisha nikachukua kipande chake na kukaa nacho mkononi muda mrefu nikimfikiria yule kijana. Mama alininyang'anya. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote kwamba pua yangu imekufa.

Kila mavuno tangu hapo nilipeleka chupa kwa mzee. Ilikuwa ndiyo kazi yangu pale kijijini. Walinihesabu mtaalamu, wakapenda nitaje vilivyomo. Nilikunywa kwanza, nikameza, nikataja zambarau na ukwaju kutoka kichwani, na wote wakatikisa vichwa kwamba kweli wanavisikia. Mzee hakuligusa tena tuta. Mwaka jana alifariki.

Mwaka huu sikujua nimpelekee nani. Amani ile ilikuwa ya mzee, na mzee alikuwa amezikwa. Mdogo wangu ana mke sasa, ana mtoto mchanga, na nilimwona ameanza tena kuuweka mkono kwapani. Mpunga ulipoisha kuanikwa, alasiri moja, kijana mkubwa alikuja mwenyewe kwetu na chupa. Alikuja peke yake. Akaamkia mama, akakaa, akaiweka mezani. Kizibo kilikuwa kimeshatolewa na kurudishwa nusu.

"Marehemu alisema tuendelee," akasema.

Akamimina kwenye kikombe. Aliyeleta ni yeye, na aliyetakiwa kutoa sumu ni yeye, kila mtu uani pale alijua. Alinisogezea mimi.

"Anza wewe, dada. Wewe ndiye unayejua."

Ningeweza kumwambia aanze yeye. Lakini kumwambia hivyo ni kumwambia kwamba tunamwogopa, na baada ya hapo kila mtu angekwenda kutafuta panga lake. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, zamu yake ni ya pili. Mama alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Nikakizungusha kikombe. Nikakileta puani nikavuta pumzi ndefu, nao wote wakanitazama pua, na hakukuwa na kitu chochote mle. Nikaivuta mdomoni. Ilikuwa chachu, yenye ukakasi, na zaidi ya hapo ingeweza kuwa chochote. Magego yalitaka kuitema. Nilikaa nayo hivyo huku namtazama machoni, ile hasira yote imenijaa kifuani, naye hakuyakwepesha.

Nikameza.

"Ina zambarau," nikasema. "Haina kitu."

Mdogo wangu akanyoosha mkono wa kulia akapokea kikombe.